Mjomba, Pangaboi na Kihenge

Mahindi ukiyamwaga kihengeni mahali pamoja, hayajipangi kwa haki. Punje nzima huviringika mpaka ukutani. Chenga, vumbi na makapi hubaki katikati, palepale chini ya mdomo. Ukizidi kumwaga, katikati ya kihenge unasimama mnara wa takataka uliozungukwa na mahindi safi, na humo ndimo unyevu unamojikusanya na wadudu wanamofungia ndoa. Mwaka jana mjomba wangu wa Kilindoni, kisiwani Mafia, alitumbukiza mkono katika kihenge chake cha bati cha tani tatu, akauchomoa upesi. Pale katikati palikuwa na joto la kwapa la mwenye homa.

Mjomba ana mashine ya kusaga. Mahindi yake huyafuata bara wakati wa mavuno bei inapoanguka, yanavuka bahari kutoka Nyamisati, na gunia likifika Mafia limeshaonja upepo wa chumvi. Kwa hiyo suala la kuyatunza si la mchezo. Bwana shamba humkumbusha kila wakipishana barabarani habari ya sumukuvu, ile iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016, na Mjomba huitikia, "Najua, najua," huku akiongeza mwendo.

Dawa ya mnara ule inajulikana: unaning'iniza chini ya mdomo kitu cha kuyatawanya mahindi yanapoingia. Katika maghala makubwa vipo vinavyozungushwa na mota, vipo vinavyozungushwa na uzito wa nafaka yenyewe inapoanguka, na vipo visivyozunguka kabisa: koni tu ya bati, ncha juu, mahindi yanaigonga na kusambaa pande zote. Fundi bati wa sokoni alitengeneza hiyo ya mwisho kwa kipande kilichobaki kwenye paa la mtu. Alikunja kingo zisije zikachana mikono, akatia minyororo mitatu yenye kulabu ili iweze kupandishwa na kushushwa.

Mjomba aliitazama kwa masikitiko.

"Haizunguki?"

"Haizunguki, mzee."

"Sasa inafanya kazi gani?"

Tatizo ni kwamba Mjomba aliwahi kuona kwenye runinga vihenge vya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula (NFRA) vilivyojengwa Babati kwa mkopo wa Poland, na tangu siku hiyo anakihesabu kihenge chake kuwa tawi la vile. Kihenge chenye ukoo wa namna hiyo hakiwezi kuning'inizwa bati lililokaa kimya. Jumamosi akapanda juu ya meza ya sebuleni na kushusha pangaboi.

"Na joto la humu ndani?" akauliza mkaza mjomba.

"Kwanza joto la mahindi, mke wangu."

Mabawa yalikatwa yakabaki vipande, yapate kupenya kwenye mdomo wa kihenge. Waya ukavutwa kutoka dirishani. Swichi ya pangaboi, kama mjuavyo, ina namba moja hadi tano. Mjomba ni mtu wa tano.

Debe la kwanza lilipomiminwa, mahindi hayakuteremka. Yaligonga bati kwa kishindo kilichowasimamisha wacheza bao chini ya mwembe, na yale yasiyopata ukuta yalirudi yalikotoka, yakapitia mdomoni, yakavuka ua na kutua barazani kwa jirani. Kuku wa jirani hawakuuliza mahindi ni ya nani. Mjomba alikuwa juu ya ngazi akipiga kelele "Zima! Zima!", na kijana aliyekuwa dirishani, kwa sababu ya kishindo, akasikia "Zidisha!" Bahati nzuri tano ndiyo mwisho.

Kisha umeme ukakatika wenyewe. Pangaboi likapunguza mwendo taratibu, na kwa sekunde chache, likiwa njiani kusimama, lilitawanya mahindi vizuri ajabu, duara safi, kila punje na mahali pake. Mjomba mpaka leo anazizungumzia sekunde zile. Hazungumzii tulichokikuta tulipochungulia na tochi: punje zilizovunjika. Chombo kilichowekwa kupambana na chenga kilikuwa kimesaga chenga mpya, bila hata kutoza ada ya mashine.

Bwana shamba alifika akiwa amevutwa na kelele, akazima furaha iliyobaki. Vumbi la nafaka huwaka, alisema. Likijaa hewani mahali palipofungwa hulipuka, na cheche ya mota isiyofunikwa inatosha. Huko Marekani maghala mazima ya zege yamewahi kupasuliwa na vumbi tu. Mjomba akakitazama kihenge chake, akaitazama nyumba iliyo hatua chache kutoka hapo, akaniambia, "Mpwa wangu, chomoa waya."

Hivyo koni ikarudishwa kwa heshima. Kumbe nayo ina jeuri yake. Ukiitundika karibu mno na mdomo, mahindi yanakwama. Ukiishusha sana, inafukiwa kihenge kikiwa bado hakijajaa. Na isipokaa wima, inajaza upande mmoja. Tuliimwagia, ikajaza upande wa bahari. Tukafupisha mnyororo mmoja, ikajaza upande wa msikiti. Alasiri nzima ikaishia kwenye kulabu, na shutuma zikawa zinazunguka kati ya fundi bati, mimi na upepo wa kusi.

Aliyetuokoa ni mzee mmoja fundi wa majahazi aliyepita kudai deni lake jingine kabisa. Hakuigusa koni. Alitoa timazi mfukoni, akaiteremsha ubavuni mwa kihenge, akatikisa kichwa. Koni ilikuwa imenyooka tangu mwanzo. Kilichoinama ni kihenge. Mguu mmoja wa jukwaa lake ulikuwa umezama mchangani. Tuliweka kipande cha jiwe chini ya mguu ule, na koni ikaanza kumimina sawasawa kana kwamba haijawahi kugombana na mtu. Deni alilipwa siku hiyohiyo, jambo ambalo kwa Mjomba ni nadra.

Hata koni ikikaa vizuri, kilele kidogo hubaki. Kijana wa dirishani, akitaka kusafisha jina, akatangaza ataingia ndani akisawazishe kwa miguu. Mkaza mjomba, ambaye muda wote alikuwa akipepeta bila kusema neno, aliinuka. Mahindi yakiwa yanatiririka humeza mtu mpaka kiunoni kabla hajapata kuita, na aliyezama hivyo havutwi juu kwa mikono. Tena kihenge kilichokwisha kufungwa hewa yake imekwisha, unaingia na pumzi ya nje tu. Akampa kijana ubao uliopigiliwa kwenye upondo, asawazishe akiwa nje, juu ya ngazi, na mimi nishike ngazi. Halafu akaenda kutafuta kufuli, na ufunguo ukafungwa kwenye pindo la kanga yake. Kwa maoni yangu hicho ndicho kifaa bora kuliko vyote vilivyotumika.

Nimesahau kusema: kabla ya kujaza kuna kipimo cha unyevu: unatia mahindi na chumvi kavu kwenye chupa kavu, unatikisa, chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado mabichi. Aliyekibuni hakuwa mtu wa kisiwani. Chumvi ya Mafia inaganda kwenye kioo hata pasipo mahindi. Ilibidi tuikaange kikaangoni, tuipoze, tuwahi kabla haijapigwa na upepo.

Kihenge kilipojaa, tuliacha vumbi litulie kwanza, kisha mshumaa ukawashwa kwenye kisahani juu ya mahindi ule hewa iliyobaki, kifuniko kikafungwa kwa mpira wa tairi la baiskeli. Dumuzi aliyemo na afe humo. Mdudu huyo alitujia kutoka Amerika ya Kati, akaonekana Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, watu wakambatiza Skania, jina la lori. Vihenge vya bati navyo vilienea kwanza hukohuko, Honduras, katika miaka hiyohiyo, kwa msaada wa Waswisi. Huko ndiko alikotoka mwizi, na huko ndiko lilikotoka komeo.

Yule jirani hakurudisha hata kisado. Alisema kilichoanguka kutoka mbinguni ni riziki. Juzi alipita uani, kuku wakimfuata, akamwamkia Mjomba kwa adabu zote na kumuuliza majaribio mengine yatafanyika lini.