Memori Haitoshi

Wanaume wa rika langu kila mmoja ana ugonjwa wake. Kuna walioingia kwenye kuku wa kisasa wakatoka na mabanda matupu. Kuna waliosikia habari za matikiti wakakodi shamba bondeni, msimu ambao mto nao ulikuwa na mipango yake. Wengine wana viwanja ambavyo hawajui vilipo. Mimi nafufua kompyuta za zamani, zile za enzi za Windows 98: monita ya chogo, kibodi inayolia kha-kha-kha, na kasha lililotoka kiwandani na rangi ya maziwa ambalo sasa limekuwa chai.

Nyumbani tulikubaliana kwamba ugonjwa huu una nafuu kuliko kuku. Makubaliano hayo yalifikiwa kabla sijaanza kununua RAM.

Chanzo ni shemeji yangu. Alikuwa na intaneti kafe Mwenge, miaka ile watu walipokuwa wanapanga foleni kulipia nusu saa ya kusoma barua pepe. Simu zilipomnyang'anya wateja akafunga, akauza viti, akauza mapangaboi, mwishowe akaniletea mashine mbili zilizokosa mnunuzi. "Chukua shemeji, watoto wajifunzie." Watoto walizikagua. Yule mdogo akapitisha kidole kwenye kioo kutoka kulia kwenda kushoto, akaona hakuna kilichosogea, akatangaza kuwa ni mbovu.

Mjomba wangu, mhasibu mstaafu wa serikali, alipozikuta sebuleni alinikumbusha jambo ambalo vijana wengi hawalijui: mwaka 1974 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na zuio hilo lilidumu miaka mingi. Akalizunguka lile rundo la nyaya, mikono ameikunja nyuma. "Watu husema walikosea," akasema. "Mimi leo nimeanza kuwaelewa."

Mashine ya kwanza ilikuwa Pentium MMX yenye MB 32. Nikaipandisha hadi 64, ikachangamka. Nikaipandisha hadi 128, ikasinzia. Nilidhani ni virusi, kumbe ni maumbile yake. Chipu iliyo kwenye mazabodi ile, Intel 430TX ya mwaka 1997, inakubali memori hadi MB 256, lakini kashe, ile memori ndogo yenye kasi inayokaa jirani na prosesa, inahudumia MB 64 za kwanza tu. Kazi yoyote inayoangukia juu ya hapo haina msaidizi, inajikongoja yenyewe. Nikamweleza mke wangu kwa utaratibu, nikachora na mchoro. Akanisikiliza hadi mwisho. "Kwa hiyo umetoa hela ili iwe nzito." Nikatoa kipande kimoja, mashine ikarudi kwenye uhai, na mchoro ule nikauchana.

Hapo ndipo nilipotakiwa kusoma alama za nyakati. Mashine za zamani hazipokei msaada hovyo. Lakini kulikuwa na ile ya pili, Pentium III yenye chipu ya 440BX, na hiyo kwa wapenzi wa vitu hivi ni mazabodi ya heshima: ilitoka mwaka 1998 na kuna watu hadi leo hawaitaji jina lake bila kushusha sauti. Nafasi za memori tatu, na kila moja inapokea MB 256. Mara tatu hizo ni 768. Kwa mwaka 1998, mtu mwenye MB 768 nyumbani angeogopwa mtaani.

Nikaenda Kariakoo. Kijana wa duka la kwanza aliniuliza ni RAM ya simu gani. Wa duka la pili alikuwa na moyo wa kusaidia, tena kupita kiasi. Nilimwambia nataka SDRAM ya pini 168, ile yenye mapengo mawili kwenye ukingo wa chini. Yeye alikuwa na DDR, pini 184, pengo moja, na pengo lenyewe liko mahali pengine makusudi kabisa ili mtu asiichomeke isipohusika. Akaigeuza, akaipima kwa jicho, akavuta droo. "Mzee wangu, hii tunaipiga tupa kidogo hapa, inakaa." Tupa alikuwa nayo mkononi tayari. Niliaga kwa heshima zote.

Mwishowe nikaelekezwa kwa mzee mmoja wa nyuma huko, anayetengeneza printa. Chini ya meza yake kulikuwa na ndoo iliyojaa RAM za kila aina, zinasubiri mtu wa mizani, maana siku hizi vipande hivi hununuliwa kwa kilo kwa sababu ya ile dhahabu kidogo iliyopakwa kwenye pini. Nilivyoiona ile ndoo uso wangu ukanisaliti. Bei ya kilo ikafa palepale, ikazaliwa bei ya kipande.

Nikachagua vitatu vilivyoandikwa 256. Kufika nyumbani, mashine ikahesabu 384. Kila kipande kimesomwa nusu! Hili nalo lina sababu yake. 440BX haielewi chipu zenye ujazo mkubwa. MB 256 inazikubali pale tu zinapokuwa zimegawanywa kwenye chipu 16, nane upande huu na nane upande ule. Ukiipa kipande chenye chipu nane tu, inaona nusu ya kila chipu na kuishia hapo, wala haikupi taarifa. Nikarudi kwa mzee, nikapiga magoti kwenye ndoo na kuanza kuhesabu chipu. "Bwana mdogo," akasema bila kuinua macho kutoka kwenye printa, "hapa kwangu watu hununua. Hawahesabu." Bei ikapanda tena.

Vilikuwa vichafu. Vitabu vya ufundi vinavyotoka nchi za baridi vinasisitiza hatari ya umeme tuli, uvae kamba maalumu mkononi, usikanyage zulia. Kwa Dar es Salaam ya mwezi wa pili hatari hiyo hupungua sana, hewa yenyewe ina maji. Tatizo letu ni jasho: ukishika pini kwa vidole vyenye chumvi, baada ya muda zinaota ukungu. Dawa inayojulikana na kila fundi ni raba ya kufutia penseli. Nikaichukua ya binti yangu kutoka kwenye mkebe wake wa hesabu, nikasugua pini zote 168, upande kwa upande, mpaka zikang'aa. Kesho yake alikuwa na jaribio. Alipoulizwa na mwalimu kwa nini hana raba, alijibu kwa ukweli wa watoto: "Baba anafutia kompyuta."

Kazi yenyewe niliifanya usiku, nyumba imetulia. Mama mkwe alikuwa amekuja kutembea na amelala chumba cha pili. Nikachomeka vipande vyote vitatu, nikawasha. Kioo cheusi, kisha ukapigwa mlio mmoja mrefu wa kupasua sikio, ukakatika, ukarudi, ukakatika, ukarudi. Kwa mashine nyingi za BIOS ya Award hiyo ni lugha ya kusema haijaiona memori. Spika inayotoa sauti hiyo imefungwa ndani ya kasha na haina pa kupunguzia. Mlinzi wa nyumba ya jirani akajibu kwa filimbi. Mbwa wakamjibu mlinzi. Kitufe cha kuzimia nacho kwenye mashine hii hutaka ukishikilie sekunde kadhaa, nami nilikuwa nakidonoa tu. Mama mkwe akatokea mlangoni, kajifunga khanga, uso una wasiwasi. "Mkwe wangu, kuna usalama?" Nikamwambia upo, mama, ni memori tu. Akaitikia kwa adabu na kurudi kulala, lakini nilisikia akifunga mlango kwa ufunguo.

Nikamulika kwa tochi ya simu. Ndani ya nafasi ya pili, katikati kabisa ya zile pini, ulikuwa umelala mguu wa mende. Mguu tu, mwenyewe hayupo. Nikautoa kwa sindano ya kushonea, nikarudisha kipande hadi vile vishikizo viwili vya pembeni vikajifunga vyenyewe tik, tik. Nikawasha huku nimeziba kasha kwa mto.

Haikulia. Kwenye kona ya kioo namba zikaanza kupanda, maana mashine za wakati ule huhesabu memori yake hadharani, mbele ya macho yako. Zikapita laki moja, laki mbili, laki tano, zikasimama penye 786432. Hizo ni KB, ndiyo MB 768 kamili. Nilitaka kumwamsha mtu nimwonyeshe, nikawafikiria waliokuwepo, nikaacha.

Kisha Windows 98 ikaanza kupakia, ikatoa picha ya mawingu, ikasita, na kuandika kwamba memori haitoshi kuiwasha.

Hii si hadithi ya kubuni, ni tabia inayojulikana ya Windows 98. Sehemu yake inayotunza kumbukumbu za diski, inayoitwa vcache, hujipimia eneo kulingana na RAM iliyopo. Ikikuta zaidi ya MB 512 inajitwalia eneo kubwa mno hadi kukosa mahali pa kuziweka anwani za mambo mengine. Kwa maneno mengine, ukiipa nyingi inalalamika njaa. Kuitibu, unawasha kwa DOS, unafungua faili la SYSTEM.INI, na chini ya kichwa cha vcache unaandika MaxFileCache na kikomo kisichozidi 524288. Yaani unanunua memori, halafu unaandika mstari wa kuizuia isitumike yote. Maelezo hayo mke wangu sikumpa.

Sasa inafanya kazi. Mama mkwe, kabla hajaondoka, aliketi mbele yake akaitazama kwa muda, akauliza, "Sasa baba, hii inafanya nini?" Binti yangu akamjibu kwamba inacheza karata. Mama mkwe akajaribu, akashinda, zile karata zikarukaruka kioo kizima, akaomba achezewe tena. Tangu hapo ndiye mtu pekee katika ukoo anayenipigia simu kuulizia hali ya mashine.

Nimesikia kuna nyingine kama hii imelala stoo ya ofisi moja Morogoro. Kwa hiyo, msomaji, ukikuta kabatini kwako kipande cha RAM chenye mapengo mawili chini na chipu 16, nane kila upande, usimpe mtu wa mizani. Mimi nitakinunua. Na ukija kukileta, usiku usije, na mlangoni sema umeleta vitabu.