Sanduku Lako, Amri Yao

Marekani ni nchi ya uhuru, ila uhuru huo haujafika kwenye sanduku la barua. Linunue kwa pesa zako, lichimbie nguzo kwa jasho lako, kisha posta ikuamuru likae wapi: inchi 41 hadi 45 juu ya barabara, inchi 6 hadi 8 nyuma ya ukingo wake. Unaogopa wezi? Weka kufuli, lakini uache tundu la kupitisha barua za siku nzima, maana tarishi hafungui kufuli wala hapokei ufunguo wako. Nguzo nayo isiwe imara mno: gari likiigonga, ianguke kwa adabu. Jirani akikutumbukizia tangazo la duka lake bila stempu, anaweza kupigwa faini. Wa ghorofani wamewekewa masanduku ya pamoja ya chuma, na tarishi huyafungua yote kwa ufunguo mmoja. Wezi wenye akili wakaachana na chuma, wakamvizia tarishi. Na ngome yote hiyo inalinda nini? Bili ya umeme na kuponi ya piza.