Shangazi, Sijadukuliwa

Madalali wa nyumba wa Sinza wana raha ambayo wenyewe hawaijui. Mpangaji akikipenda chumba, dalali anavuta kodi ya mwezi mmoja. Asipokipenda, hela ya kuonyeshwa ameshaitoa, na nauli ya bodaboda juu yake. Kwa hiyo dalali wa Sinza anaweza kushindwa kutwa nzima na usiku akala wali kuku. Mimi ni dalali wa mtandaoni. Nikishindwa, na huwa nashindwa, bando ni langu, jasho ni langu, na mteja hana habari kwamba kuna mtu ameumia.

Kazi yenyewe ni nyepesi kuieleza. Duka linakupa linki yenye alama yako, unaisambaza, mtu akipitia hapo akanunua unapata kamisheni. Amazon wanafanya hivyo tangu mwaka 1996. Walioneemeka wapo, na baadhi yao sasa wanauza kozi za kutufundisha sisi tuliobaki.

Mwalimu wa kozi yangu, kijana asiyekosa taa usoni, alisisitiza jambo moja: anza na watu wanaokuamini. Nikaanza na ukoo. Nikaweka linki ya pasi ya mvuke kwenye kundi la familia, na juu yake maneno niliyofundishwa: "Ndugu zangu, fursa hii isikupite!" Shangazi wa Morogoro hakusoma zaidi ya hapo. Ananijua tangu naogeshwa kwenye beseni, na hajawahi kunisikia nikisema "fursa". Chai yangu haijapoa, sauti yake ikaingia kundini: "Jamani msibonyeze, mtoto amedukuliwa!" Binamu akabandika picha ya ile meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii" ili iwe ushahidi. Kaka mkubwa, mtu wa taratibu, akaituma namba yangu kwenda 15040, kule TCRA wanakopokea taarifa za matapeli. Nilipompigia shangazi kujieleza, akaniuliza jina la bibi mzaa baba. Nikalitaja. "Hayo hata matapeli wanayajua siku hizi," akasema, akakata simu. Kampeni nzima ilibonyezwa na mtu mmoja tu, naye ni baba, aliyedhani ni picha za harusi.

Ikaja kampeni ya msimu. Kozi ilisema Desemba tangaza vifaa vya baridi, ndivyo vinavyotoka. Desemba ya wapi, hawakusema. Desemba ya Dar es Salaam watu wanalala sakafuni kuitafuta baridi, nami ninawaonyesha hita ya chumbani. Jirani alikuja mlangoni kuuliza kama nina malaria. Nikavumilia hadi Juni, nikalenga Njombe na Makete, ambako alfajiri nyasi huamka na barafu. Huko nikapata swali moja la maana: "Umeme ukikatika, hiyo hita inachemsha chai?"

Lakini shangazi na jua nawasamehe. Nisiyemsamehe ni kuki. Ukibonyeza linki, duka linaacha kwenye simu yako kumbukumbu ndogo kwamba umeletwa na fulani. Amazon huikumbuka kwa saa 24. Yapo maduka yanayokumbuka kwa siku 30 au zaidi. Duka langu, ambalo silitaji, limeiga Amazon. Saa 24! Aliyepanga muda huo hajawahi kumwona Mtanzania akinunua blenda. Kwanza atauliza bei, na bei imeandikwa. Ataomba apunguziwe, nami sina mamlaka ya kupunguza hata senti. Atamwonyesha mwenzake wa ofisini, ambaye ana mtu wake Kariakoo. Atasubiri mshahara. Mshahara ukitoka utakuta ada ya shule na mchango wa harusi vimepanga foleni, blenda itasogezwa mwezi ujao. Siku anayonunua, kuki imeshazikwa na arobaini imesomwa.

Na hata ikiwa hai, kwa maduka mengi anayelipwa ni mwenye linki ya mwisho kubonyezwa. Shemeji yangu nilimhudumia vizuri sana: nikamweleza wati, nikamweleza jagi la kioo na la plastiki, nikamtumia sauti ndefu kuhusu visu. Dakika ya kulipa akakumbuka kutafuta kuponi ya punguzo, akaingia kwa linki ya mtu mwingine kabisa, akanunua. Jioni akanipigia kunishukuru. "Shemeji, inasaga hadi karanga!" Kamisheni ilikuwa asilimia tatu ya shilingi 90,000, yaani shilingi 2,700, chipsi mayai bila soda. Niliomboleza wiki nzima.

Mke wangu aliposikia kwamba Amazon humtaka dalali mpya auze angalau mara tatu ndani ya siku 180, la sivyo akaunti inafungwa, aliona jibu palepale: "Si ununue mwenyewe?" Hairuhusiwi. Wameshakutana na wake wa madalali wengi.

Kwa hiyo nimejiwekea taratibu za kulinda moyo. Dashibodi siifungui kabla ya chai, na Jumapili siigusi. Kila kampeni nainunulia bando lake. Likikata, marehemu tunamzika, hakuna kuongeza. Neno "fursa" nimelitupa. Naandika blenda ipi iliponda barafu na ipi ilitoa moshi, na watu wanasoma, ingawa kusoma hakulipwi. Ajira siachi, kwa sababu hesabu naijua: kwa asilimia tatu, ukitaka shilingi 300,000 kwa mwezi, lazima watu wanunue vitu vya shilingi milioni 10 kupitia kwako, mwezi baada ya mwezi. Nusu ya ukoo wangu bado imenifungia.

Nawe msomaji, kama unahitaji blenda, tafadhali usiniombe linki leo. Malizana kwanza na Kariakoo, na mshahara, na michango yako yote. Siku hela iko kwenye kadi na kadi imekubali, ndipo unitafute, ubonyeze, na ununue hapohapo kabla hujamuuliza mtu mwingine yeyote.