Bado Anasubiri Kinanda

Ndugu yetu wa Kamina, Kongo, amesimamisha muziki. Chumba kidogo, kinanda hakijafika, na treni ya Lubumbashi inajua yenyewe itaingia lini. Pole sana. Katika miaka ya 1950, wavulana na walimu wa mji huuhuu, wakiwa na padri Guido Haazen, waliimba misa ya Kilatini kwa mahadhi ya Kiluba na ya majirani, ngoma zikijibu, bila noti za kusomea. Misa hiyo, *Missa Luba*, ilirekodiwa mwaka 1958. Mwaka 1968 ikasikika ndani ya filamu ya Uingereza, *If....* Kwaya ilipewa jina la mfalme Baudouin wa Ubelgiji, padri akapewa sifa, waimbaji wakabaki na sauti zao. Wakaimba hivyohivyo. Ndugu yetu kinanda kikifika, ataanza kutafuta meza ya kukiwekea.