Siku 14 za Mkwe wa Mwalimu

Kijiwe cha kahawa cha Kaloleni, Arusha, hatua chache kutoka Mnara wa Azimio, hakina leseni ya utalii wala bango. Hata hivyo, wiki hii kimepanga safari ya watu sita kutoka Minnesota, kikatoa ratiba, kikaivunja, kikatoa nyingine. Mvua za masika zilikuwa zinanyesha na kuacha, kila mtu alikuwa na nafasi ya kutosha, na Mzee Jambiani, muuza kahawa, alikuwa ameshasogeza turubai lake upande usiovuja.

"Soma, dogo," alisema Mwalimu Mstaafu, akimkabidhi Dogo Bando simu. "Soma polepole. Mimi nimeusoma ujumbe huu jana usiku, usingizi ukaniruka."

Dogo Bando akasoma. Mkwe wa Mwalimu anakuja Februari 2027 na mkewe, watoto wawili na wazazi wake. Siku 14. Wangependa kuona nyumbu wakivuka mto Mara, faru wa Ngorongoro, sokwe wa Mahale, ngoma za Wamasai, Wahadzabe wakiwinda, kilele cha Kilimanjaro ikiwezekana, halafu wiki nzima ya kupumzika ufukweni Zanzibar.

Kivumbi akaweka kikombe chini. Ni dereva wa watalii, na kijiweni huonekana masika tu, kampuni zinapokosa wageni. "Mwalimu, hii siyo safari. Hii ni silabasi."

"Lakini siku 14 ni nyingi," akasema Dogo Bando, ambaye safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa kwenda Moshi kwenye msiba.

"Nyingi za kukaa. Toa siku ya kutua KIA na siku ya kuondoka, zimebaki 12. Toa wiki ya Zanzibar, zimebaki tano. Kilimanjaro peke yake inataka sita au saba, na hapo baba wa mkwe awe na mapafu ya kumfikisha mita 5,895. Mahale iko kule Ziwa Tanganyika, hufiki kwa gari na kurudi, unakwenda kwa ndege ndogo na boti. Sasa wanyama wengine wataonwa lini? Usiku?"

Mwalimu akatoa kalamu ya mfuko wa shati na kukata mistari miwili. Alikata Kilimanjaro haraka. Mahale aliikata kwa kusitasita, maana aliwahi kuiweka kwenye mtihani.

Hoja iliyochukua muda ilikuwa ya nyumbu. Mkwe ameona video: mto umejaa, mamba wamejipanga, nyumbu wanajirusha. Kivumbi alieleza kwa subira ya mtu aliyeieleza mara nyingi kwa watu wenye kofia mpya. Kundi lile, nyumbu zaidi ya milioni moja na punda milia kwa laki, halikai mahali. Linafuata mvua na majani mafupi. Kuvuka mto Mara ni kaskazini, upande wa Kogatende, kuanzia Julai hadi karibu na Oktoba. Februari kundi liko kusini kabisa, tambarare za Ndutu, linazaa. Ndama huzaliwa kwa maelfu kwa siku, wengi ndani ya wiki mbili tatu, na kila mla nyama wa Serengeti anajua kalenda hiyo.

"Kwa hiyo ukienda mtoni Februari?" akauliza Mama Bhoke, mpika chapati wa kijiweni, bila kuinua macho.

"Utaona mto."

Kivumbi mwenyewe, akiachiwa achague, anachukua Ndutu. Eneo hilo liko upande wa Hifadhi ya Ngorongoro, na huko gari linaruhusiwa kuacha njia na kumfuata duma majanini. Ukivuka kuingia Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, ukiacha barabara umejitafutia faini. Mpaka wenyewe hauna ukuta wala waya. Nyumbu hawaujui, lakini dereva anaujua kichaka kwa kichaka, kwa sababu kila upande una kiingilio chake.

Na hapo wakafika kwenye pesa.

Mgeni mtu mzima analipa Serengeti dola 70 kwa siku msimu huo, kabla ya VAT. Mwananchi analipa shilingi 10,000, naye kabla ya VAT. Njia ya gari kutoka Arusha kwenda Serengeti inapita Ngorongoro, kwa hiyo unalipia Ngorongoro hata kama unapita tu, na ukirudi kwa njia ileile unalipa tena. Kushuka kreta kuna ada ya gari lenyewe, dola 295 pamoja na VAT. Kibali cha Serengeti kwa wanaolala ndani kinahesabiwa kwa saa 24. Ukiingia geti la Naabi saa saba mchana, saa saba mchana uwe umetoka, au umelipa siku nyingine.

"Ndiyo maana," Kivumbi akasema, "mgeni anamtazama chui juu ya mti, mimi natazama saa."

"Mwanangu atalipa ya wananchi," akasema Mwalimu. "Kazaliwa hapa hapa, hospitali ya Mount Meru."

Kimya kidogo. Dogo Bando akakohoa. "Mwalimu, si alichukua uraia wa kule?"

Alichukua. Na kwa kuwa sheria yetu haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, binti aliyekulia Sakina akicheza rede ataomba viza ya dola 100 kama Mmarekani yeyote, na getini atapangwa foleni ya dola pamoja na wakwe zake. Baba yake, ndani ya gari hilohilo, atalipa shilingi. Mwalimu aliipokea habari hiyo kwa sura ya mtu aliyeambiwa mtihani umevuja. Alichoambulia ni kwamba wajukuu wamezidi miaka mitano lakini hawajafika 16, hivyo wana bei ya watoto.

Yero, mlinzi wa duka la vipuri lililo ng'ambo ya barabara, alikuwa amesimama kwa mguu mmoja muda wote huo, fimbo begani. Lilipotajwa boma la Wamasai ndipo alipovuka.

"Wataenda boma gani?"

"La kule juu, njia ya kreta," akasema Kivumbi. "Gari linasimama, mkubwa wa boma anakuja, huwa dola 50 kwa gari. Wanaruka, wanaingizwa kwenye nyumba moja, wanaonyeshwa moto wa kupekecha, halafu meza ya shanga. Dakika 45."

"Mimi nimeruka pale," Yero akasema. "Nimeruka mpaka goti likauma. Asubuhi gari nne, jioni gari nne. Mzungu ananiuliza nina ng'ombe wangapi, namwambia hamsini. Sina hata mmoja, ndiyo maana naruka."

Kijiwe kilicheka, naye akacheka, lakini hakuishia hapo. Anachoshangaa yeye ni mtu kusafiri kutoka Minnesota kuja kukaa na watu dakika 45. Akapendekeza Longido, ambako tangu katikati ya miaka ya 1990 kuna mpango wa utalii wa utamaduni unaoendeshwa na wenyeji: unatembea na mtu wa pale, unalala, siku ya mnada unaona mbuzi wakibishaniwa bei kwelikweli, na hakuna anayekurukia. Au Mto wa Mbu, ambako ndani ya mashamba ya ndizi utakuta mchonga vinyago Mmakonde, mpika pombe Mchaga na mkulima wa mpunga aliyetoka kusikojulikana, wote wakinyweshea kwa mifereji ileile. Kivumbi alikubali Mto wa Mbu, kwa kuwa iko njiani na ina lami.

Wahadzabe ndio waliozua ubishi. Wako Ziwa Eyasi, watu wanaokadiriwa kuzidi elfu kidogo tu, na sehemu yao bado wanaishi kwa upinde, asali, mizizi na ubuyu. Ukitaka kwenda nao porini, kwanza unapita Mang'ola kuchukua mwongozaji wa pale, maana lugha yao haina jamaa wa karibu na Kiswahili chako hakitakufikisha mbali. Unaamka saa kumi alfajiri. Jua likichomoza unakuta vijana wamezunguka moto, wananyoosha mishale kwa meno. Halafu wanaondoka, na hapo ndipo wageni hugundua kwamba hawakuja kutazama bali kukimbia, katikati ya miiba, nyuma ya watu wasiogeuka. Siku nyingine mawindo ni ndege wawili. Siku nyingine ni kindi. Wakipata nyani ni sherehe.

"Hayo nayo si maonyesho?" Mwalimu akauliza.

"Njaa ni yao, mishale ni yao," Kivumbi akajibu. "Lakini gari likija kila asubuhi, na pesa ikija na gari, hata wewe utaanza kuwinda karibu na barabara."

Mtu wa haki angesema pande zote mbili zilikuwa na hoja. Yero alisema tu kwamba afadhali Wahadzabe hawaruki.

Ikaja picha kwenye simu: familia nzima ya Minnesota, wamesimama kwenye theluji wamevaa mashati ya safari waliyonunua kwa pamoja. Mashati ya buluu iliyoiva. Mjukuu mdogo suruali yake ni ya mabaka ya kijeshi.

"Mungu wangu," akasema Kivumbi. Ndorobo hupenda rangi nyeusi na buluu kuliko rangi nyingine zote, ndiyo maana mitego yake hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Mabaka ya jeshi nayo raia haruhusiwi kuyavaa hapa nchini, na askari hatajali umri. Dogo Bando akaagizwa aandike: kaki, kijani kilichopauka, na sweta, maana ukingo wa kreta ni kama mita 2,300 na asubuhi yake haina huruma. Aongeze: mifuko ya plastiki waiache kwao, imepigwa marufuku tangu Juni 2019. Na masanduku magumu ya magurudumu wayaache pia. Ndege ndogo za porini zinataka begi laini, kilo 15, na rubani anapima.

Zamu ya Mzee Jambiani ilikuwa imefika, naye alikuwa anaisubiri tangu birika la kwanza.

"Hao wageni wenu watafikia wapi Unguja?"

"Paje," akasoma Dogo Bando. "Kuna mchanga mweupe, wameona picha."

"Picha imepigwa maji yamejaa. Waulize kama wameona na ya maji kupwa." Mzee akamimina kikombe. Pwani ya mashariki, Paje na Jambiani kwao, maji yakitoka hasa wakati wa bamvua, yanakwenda zake hadi kwenye miamba. Mtu anayetaka kuogelea atatembea mpaka achoke. Kinachobaki ni uwanja wa mchanga, nyota za baharini na kinamama waliojifunga kanga wakishughulikia mwani kwenye vigingi, kilimo kilichoanza huko mwishoni mwa miaka ya 1980. "Mimi naona huo ndio uzuri wenyewe. Ila mtu akitaka kuogelea saa yoyote, mpelekeni Nungwi au Kendwa. Kule bahari haikimbii sana."

Kisha akatoa lile alilokuwa amelihifadhi. "Na Februari ya mwakani si ya kawaida. Ramadhani inaanza karibu tarehe nane, mwezi ukiandama."

Hilo hakuna aliyekuwa amelifikiria, hata Mwalimu mwenye kalenda tatu ukutani. Hotelini mgeni atakula kama kawaida. Mji Mkongwe mchana migahawa mingi itafungwa, na kutafuna barabarani ni utovu wa adabu, unaweza ukaitwa pembeni na ukaulizwa. Lakini magharibi ikiingia, mji unafufuka: harufu ya futari kila uchochoro, tambi, viazi vitamu vya nazi, Forodhani pamejaa. Mzee Jambiani alishauri siku za ufukweni zitangulie na usiku wa mwisho uwe wa mjini. Akakumbusha bima: tangu Oktoba 2024 kila mgeni kutoka nje ya nchi analipia bima ya Zanzibar, dola 44 kwa mtu mzima, hata kama ana nyingine ya kwao.

"Na binti?" Mwalimu akauliza kwa sauti ndogo.

"Na binti."

Hadi adhuhuri, ratiba ilikuwa hivi. Usiku mmoja Arusha, walale. Mto wa Mbu kisha Karatu. Eyasi na Wahadzabe. Kreta asubuhi, halafu moja kwa moja Ndutu, usiku tatu. Seronera, ndani ya Serengeti, usiku mbili. Na badala ya kurudi kilomita 300 na zaidi za vumbi na kulipa Ngorongoro mara ya pili, wapande ndege uwanja wa Seronera kwenda Unguja, zilizobaki zote ziwe za bahari. Kivumbi aliipenda kiasi cha kuomba nakala.

"Nani hapa amewahi kufika huko?" akauliza ghafla Dogo Bando. "Serengeti. Ukimtoa Kivumbi."

Mwalimu alitazama chaki isiyokuwepo mkononi. Yero alifika Ngorongoro, lakini kwa kuruka. Mzee Jambiani hajavuka Makuyuni.

"Mimi," akasema Mama Bhoke. "Kila Desemba nikienda kwetu Mugumu, basi linakatiza humo humo. Simba nimewaona nimepakata mtoto wa jirani wa siti, tena dereva hakusimama. Twiga nimewachoka."

Mwalimu akatangaza kwamba mkwe amemwachia siti ya mbele, ila ndege yeye hapandi. Atarudi na Kivumbi kutoka Seronera kwa gari.

Ilichukua sekunde chache kwa kijiwe kuelewa maana yake. Land Cruiser ile ndefu ina siti saba za abiria. Sita zitarudi Arusha tupu.

"Mimi Februari niko Mugumu kwa mama," Mama Bhoke akasema upesi. "Nitakusubiri Seronera. Elfu kumi yangu ya geti ninayo."

"Haiwezekani," Kivumbi akajitetea. "Bosi amefunga jipiesi. Kila gari linapopita anaona ofisini."

Mama Bhoke akageuza chapati. "Hiyo jipiesi inahesabu na abiria?"