Admini Mjanja Hamzibi Mtu Mdomo

Umefanywa admini wa kundi la WhatsApp la ukoo, au la harusi, au la wapangaji. Hongera, na pole. Sogea nikunong'oneze njia za mkato.

1. Iba kanuni. Usikeshe ukitunga. Fungua Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 33: kinampa kila mtu uhuru wa kujieleza, kisha kinataja yasiyolindwa, yakiwemo propaganda ya vita, uchochezi wa ghasia na matamshi ya chuki. Nakili hayo, ongeza marufuku ya matangazo ya pesa za bwerere, basi. Kanuni ishirini hazisomwi na mtu. Halafu mwombe yule mgomvi kupita wote azisome kwa sauti na kuzituma kundini. Akishajiona mlinzi wa kanuni, ataona haya kuzivunja.

2. Jifanye umelala. Saa tano usiku shemeji ametuma sauti ya dakika nzima akimfokea binamu. Usijibu, ugomvi mwingi hufa ukikosa watazamaji. Moto ukizidi, funga kundi. Tangu 2018 WhatsApp inawaruhusu maadmini kubaki waandikaji peke yao. Lakini asubuhi fungua. Ukifunga wiki nzima, watu watafungua kundi jingine na hutaalikwa.

3. Mfuate pembeni. Anayekosolewa mbele ya watu mia hakubali kushindwa. Mpigie, msalimie, uliza hali ya watoto, ndipo umwambie. Mwache afute mwenyewe. Kesho atadai lilikuwa wazo lake, nawe mwachie sifa hiyo.

4. Futa tusi, rudisha swali. Hapa nisikilize vizuri. Mtu ameandika: "Mweka hazina mwizi mkubwa wewe, pesa za matanga ziko wapi?" Tangu 2022 admini anaweza kufuta ujumbe wa yeyote, na mkono utakuwasha ufute kisha umtoe kundini. Usimtoe. Futa, na kwa kuwa jina lako litaonekana hapo kuwa ndiwe uliyefuta, andika papo hapo: "Ndugu yetu anaomba hesabu ya michango ya matanga. Mweka hazina, tafadhali." Muulizaji atajua amesikika, mweka hazina hatakuwa ametukanwa, na waliochanga kimyakimya, ambao nao walikuwa wakijiuliza lilelile, watapata jibu. Admini anayefuta swali pamoja na tusi anamkinga mwizi, hata pale ambapo hakuna aliyeiba.

5. Ukitajwa wewe, usiguse kitufe. Teua admini wa pili leo hii, tena asiyekusifu sana, na malalamiko juu yako ayaamue yeye. Na ikiwa hesabu ya michango iko kwako, itume usiku huu, kabla hujafunga kundi.