Nyuki Darini

Mke wangu alipohamishiwa Tabora kikazi, mama mkwe alifunga safari kutoka Kisarawe kuja kukagua kama mwanawe katupwa. Alishuka stesheni miguu imevimba na hukumu keshaitoa: bahari hakuna, Oktoba ni tanuri, saa tatu usiku mji umelala. Mimi nilikuwa wakili wa Tabora. Kwa kodi ya vyumba viwili Sinza, Dar es Salaam, hapa tulipata nyumba nzima na mwembe uani.

Tulikuwa bado tunabishana, matobolwa mezani, tone la asali likaanguka kwenye chai yake. Akatazama dari. Doa la kahawia limetanda kwenye silingibodi, na juu yake mngurumo. Kabla sijasema neno, alikwishachukua fagio na kugonga.

Yaliyofuata yalikuwa ya kila mtu na roho yake. Mke wangu alijifungia bafuni, akawa anatoa amri dirishani. Mimi nilikimbilia barabarani na kandambili moja. Mama mkwe aliingia uvunguni, mama mzima wa heshima zake.

Jirani yetu, mzee mrina asali, alikuja bila kuitwa. Akasema nyuki hawafukuzwi mchana, tusubiri giza. Usiku akapanda darini na kienge cha moshi, akashusha masega ndoo nzima. Malipo alikataa, akachukua nusu ya asali. Aliposikia mgeni ni Mzaramo, akacheka mpaka akakaa chini.

"Kumbe mtani! Babu zetu wakishuka pwani na pembe mabegani, mliwatoza hongo. Leo nyuki wamedai."

Utani huo wa Wanyamwezi na Wazaramo ulikomaa kwenye njia ya misafara ya Tabora na Bagamoyo, ambako mpagazi wa Kinyamwezi akiugua au kufa alihitaji mwenyeji wa kumstiri. Wapelelezi Burton na Speke walifika hapa Novemba 1857. Livingstone na Stanley walikaa Kwihara, jirani tu, mwaka 1872. Kupokea wageni si jambo geni Tabora.

Kuwasema pia si geni. Asubuhi muuza karanga sokoni, ambaye hatujuani, alimuuliza mama mkwe uvunguni kulikuwaje.

Basi mwenye kupenda siri zake abaki Dar es Salaam. Mama mkwe ameahirisha tiketi, sisi tumeongeza mkataba. Mwenye nyumba naye kapandisha kodi. Anasema nyumba sasa ina asali.